Ukuta wa matofali unaozuia udongo umetoa tumbo: uponye, ujenge upya, au uhamie mawe, gabioni, zege?

Mvua za Machi zikianza tu, watu wa milimani hapa Kampala, Muyenga, Buziga, Makindye, Naguru huko, wanaanza kutazama ukuta wa nyuma ya nyumba kwa wasiwasi. Fundi wa kwanza anasema piga plasta mzee, utakaa. Wa pili anasema bomoa tuweke mawe. Shemeji aliyesomea uinjinia anasema zege na nondo au usifanye kitu kabisa, na kila mmoja ana sababu zake, ila pesa ni zako wewe. Basi hapa nazipanga njia tano kwa vipimo vilevile, ili ukikaa na fundi ujue unamuuliza nini. Mshindi wa wote hayupo, maana ukuta wa mita moja unaozuia bustani na ukuta wa mita tatu wenye nyumba ya jirani juu yake ni vitu viwili tofauti kabisa hata kama vyote ni matofali mekundu yaleyale.

Kwanza jua unaumwa wapi

Kabla ya kulinganisha chochote lazima ujue ukuta umeharibika vipi, maana hapa ndipo watu wengi wanatupa pesa. Nyufa nyembamba za plasta zinazokwenda kila upande kama nywele, hizo lala usingizi wako. Angalia hizi zingine.

Ukuta ukitoka mbele katikati, ule tumbo, au ukiona ufa wa kulala unaofuata mstari wa matofali kwenye theluthi ya chini, maana yake nyuma kuna msukumo mkubwa kuliko unene wa ukuta. Ukiinama wote kwa pamoja kuanzia chini, shida iko kwenye msingi, ama ni mwembamba ama umekaa kwenye udongo laini ama maji ya gata, ule mfereji wa paa, yamechimba mbele yake. Ufa wa ngazi ngazi kwenye viungo, mpana juu na mwembamba chini, mara nyingi ni upande mmoja wa msingi umezama. Matofali yakimenyeka na kutoa unga mweupe, maji yanapita ndani ya ukuta kila siku na yanatoka na chumvi zake.

Alafu kuna dalili moja ambayo ukiiona uache kusoma hapa uite injinia: ufa ardhini, juu, nyuma ya ukuta, unaokwenda sambamba na ukuta wenyewe, au ardhi ya mbele ya ukuta inafura. Hapo siyo ukuta unaosogea, ni mteremko mzima. Watu wa Bududa wanajua vizuri udongo uliolewa maji unaweza kufanya nini, tangu maporomoko ya Machi 2010 pale Nametsi, na ukuta wowote wa kwenye makala hii hausimamishi kitu kama hicho.

Kupima ni rahisi. Shusha timazi kutoka juu ya ukuta, pima umbali wa uzi na ukuta juu, katikati na chini, andika. Kwenye kila ncha ya ufa weka alama ya penseli na tarehe. Rudia kila wiki na hasa asubuhi baada ya mvua kubwa. Ukuta ulioinama sentimita mbili miaka kumi iliyopita ukatulia ni mgonjwa tofauti na ule unaosogea kila mvua ikinyesha, hata kama kwa macho huyo wa kwanza anatisha zaidi.

Na matofali yenyewe uyapime. Haya yetu yanachomwa kwa kuni kwenye tanuru la kupanga, yale ya pembeni mara nyingi hayaivi. Chukua mawili ugonge: yaliyoiva yanalia kama chuma, mabichi yanatoa sauti ya mbao. Ukuta uliojengwa na mabichi ukikaa na maji nyuma yake utaoza tu, hata uutibu vipi.

Kwa nini maji na kimo ndiyo kila kitu

Hapa ninakaa kidogo maana bila hii ulinganisho wote hauna maana. Udongo wa kawaida mkavu, ukuta wa kimo cha mita 1, msukumo wake ni karibu kilo 300 kwa kila mita ya urefu wa ukuta kwenda pembeni. Ukuta wa mita 2 watu wanadhani ni 600, hapana, ni kama kilo 1,200. Wa mita 3 ni kama 2,700. Ukiongeza kimo mara mbili msukumo unapanda mara nne, na ile nguvu ya kuupindua inapanda mara nane. Ndiyo maana jirani aliyeongeza "mistari mitano tu" juu ya ukuta wake wa zamani ili apate parking anashangaa ukuta umelala.

Sasa ongeza maji. Ule ukuta wa mita 2 ukijaa maji nyuma mpaka juu, kutoka kilo 1,200 unafika zaidi ya 2,500, na hakuna kilichobadilika zaidi ya matundu ya kutolea maji kuziba. Udongo wetu mwekundu huu unadanganya sana, ukiukata kiangazi unasimama wima peke yake kama umechongwa, mtu anajenga ukuta mwembamba mbele yake wa kupendezesha, alafu mvua za Machi mpaka Mei zinaingia, udongo unalainika na ndipo ukuta unaanza kazi siku ya kwanza maishani mwake.

Na maji hayatoki mbinguni tu. Paa la mita za mraba 100 likipigwa mvua ya milimita 50 linamwaga lita 5,000. Kama gata yako inashuka nyuma ya ukuta, banange, shida umeitengeneza mwenyewe. Angalia pia tanki linalovuja, shimo la choo, bafu la nje.

Vipimo

Kila njia nitaiuliza mambo matano: inafaa kimo gani, inafanyaje na maji, inataka nafasi na njia ya lori kiasi gani, kazi na pesa zinaelekea wapi, na ikishindwa inashindwaje. Hilo la mwisho watu hawaliulizi kabisa na mimi naliona ndilo la maana kuliko bei. Bei zenyewe siandiki, maana tripu ya mawe ukiwa Mukono karibu na machimbo na ukiwa juu Buziga si bei moja.

1. Kuuponya ulio hapo

Yani unauacha, unautoa maji, unauegemeza. Unahamisha gata na maji ya juu, unatoboa matundu ya bomba la milimita 75 kila mita moja na nusu hivi karibu na chini, unachimba nyuma kutoka juu kwa vipande na kuweka kokoto, na pale penye tumbo unajenga nguzo nene za kuegemeza mbele zenye msingi wao.

Kimo: mita moja na kitu, na uwe umeacha kusogea. Ukiwa juu ya hapo nguzo zinakuwa kubwa mpaka unajiuliza kwa nini usijenge upya.

Maji: hii ndiyo nguvu yake yote. Kuta nyingi hazina ugonjwa mwingine zaidi ya maji, ukiyatoa zinatulia.

Nafasi na njia: haihitaji lori, kokoto zinaingia na wilbaro, ila nguzo zinakula nafasi mbele na kama mbele ni mpaka wa jirani ujue unajenga kwake.

Pesa: ndogo kuliko zote, na unaweza kufanya kwa awamu, mifereji na gata mwezi huu, kokoto mwezi ujao.

Ikishindwa: inashindwa vibaya, kwa sababu umeuamini. Kwa hiyo alama za penseli zinaendelea, miaka.

Inamfaa mwenye ukuta mfupi, matofali yaliyoiva, ulioinama zamani ukakaa. Haimfai kabisa anayeuza nyumba na anataka plasta ya kufunika, huyo tunamjua.

2. Matofali upya, lakini siyo yale ya mwanzo

Ukuta wa tofali moja kwa unene, ule wa inchi tisa, chini ya mita moja unatosha kama maji yanatoka. Zaidi ya hapo usirudie kosa lilelile na matofali mapya. Inabidi uwe mnene chini na kupungua juu kwa ngazi upande wa nyuma, au ujenge nguzo za zege zenye nondo zilizofungwa kwenye msingi wa zege, kila mita mbili au tatu, matofali yanajaza katikati.

Kimo: mpaka mita moja na nusu hivi kwa unene wa kutosha. Kwa nguzo unaweza kwenda juu zaidi ila hapo tayari ni kazi ya injinia kupiga hesabu, si ya kukisia.

Maji: hayavumilii. Tofali linanyonya, kwa hiyo nyuma paka lami au plasta nzito ya simenti, kokoto sentimita 30 zikishuka mpaka chini, matundu. Usiruke hata moja.

Nafasi na njia: nyembamba, hii ni faida kwenye ploti ndogo za mjini. Na matofali yanabebeka kwa boda, kwa kichwa, kwa vyovyote.

Kazi na pesa: kila kijiji kina fundi wa matofali, na hii si kitu kidogo. Pesa za katikati. Chagua matofali kwa kugonga hukohuko kwenye tanuru, usisubiri yashushwe.

Ikishindwa: tofali halipendi kuvutwa, linapasuka ghafla. Linaweza kukupa tumbo kama onyo, linaweza lisikupe.

Inamfaa wa ukuta mfupi mjini ambaye sura ya nyumba inamhusu na nafasi hana.

3. Mawe na simenti

Huu ndio ukuta wa kizamani unaouona barabara za Kololo na Nakasero, unashika udongo kwa uzito wake tu. Chini upana wake unakuwa kama nusu ya kimo au zaidi kidogo, juu sentimita 40 hivi.

Kimo: mita 2 bila wasiwasi kama upana upo na msingi umekaa kwenye maramu gumu, ule udongo mwekundu wa changarawe. Kwenye udongo wa kijivu wa bondeni uzito wake unageuka kuwa adui, unazama.

Maji: jiwe halisumbuliwi na maji ila viungo vya simenti vinaziba njia, kwa hiyo matundu na kokoto bado lazima. Mafundi wengi wanaweka bomba mbele linaloonekana vizuri na nyuma yake wanajaza udongo moja kwa moja. Miezi michache limeziba. Simama hapo siku ya kujaza, hata kama ni Jumamosi.

Nafasi na njia: inakula ardhi yako. Ukuta wa mita 2 unataka zaidi ya mita moja chini, na unachimba nyuma zaidi ya hapo. Lori lazima lifike karibu.

Pesa: hapa kuna jambo ambalo wengi hawalitegemei. Ukuta wa mita 10 kwa kimo cha mita 2 unakula karibu mita za ujazo 22 na msingi wake, na kwenye hizo theluthi hivi ni simenti na mchanga, kwa hiyo mifuko inafika kama 50. Hiyo inakaribiana na mifuko ya ukuta wa zege wa kimo hichohicho! Unachookoa ni nondo, mbao na poka (mashine ya kutikisa zege lishikamane), si simenti.

Ikishindwa: polepole, unainama, unaona. Isipokuwa fundi alipanga mawe mazuri mbele tu na katikati akatupa vifusi, huo unafumuka.

Kisoro wana mawe ya volkano kila mahali, tumia yale mazito, yale mepesi yenye matundumatundu yaache, ukuta wa uzito unataka uzito.

4. Gabioni

Masanduku ya wavu wa waya uliopakwa zinki, unayajaza mawe, unayafunga, unapanda lingine juu. Umeyaona kando ya barabara na kwenye madaraja. Sanduku la kawaida ni mita 2 kwa 1 kwa 1, likijaa ni tani tatu na zaidi.

Kimo: mita 2, 3, hata zaidi kwa kupanga ngazi. Safu ya chini pana zaidi, na ukuta mzima unaegama nyuma kidogo kuelekea udongo.

Maji: hapa haina mpinzani. Maji yanapita popote, msukumo wa maji haukai. Kitu kimoja tu, nyuma weka kitambaa cha kuchuja, la sivyo mvua inapita na udongo wako kidogokidogo mpaka juu panaanza kutitia.

Nafasi na njia: inakula ardhi kuliko zote. Kwa mita 10 na kimo cha mita 2 hesabu karibu mita za ujazo 25, tani 40 za mawe. Kama kwako ni kinjia cha boda, sahau.

Kazi na pesa: simenti karibu hakuna, kusubiri kukauka hakuna. Vijana wa kawaida wanaweza kujaza wakisimamiwa, lakini mawe yapangwe kwa mkono, makubwa kuliko matundu ya wavu, sentimita 10 mpaka 20, na zile waya za kuvuta mbele na nyuma ndani ya sanduku zisisahaulike, zikikosekana sanduku linatoa tumbo na umerudi ulikotoka. Pesa inategemea mawe yako umbali gani.

Ikishindwa: kwa upole kuliko zote. Inapinda, inatitia, inaendelea kufanya kazi. Adui wake ni kutu ya waya, na wezi wa waya.

Inamfaa mwenye ardhi, chemchemi nyuma ya ukuta, au msingi usioaminika. Uzuri wake, watu wanabishana.

5. Zege na nondo

Umbo la L, au T iliyogeuzwa. Ujanja wake ni kwamba udongo wenyewe unakaa juu ya kisigino cha msingi, ile sehemu inayoingia nyuma chini ya udongo, na kuukandamiza, kwa hiyo hauhitaji uzito mkubwa. Mita 10 kwa kimo cha mita 2 ni kama mita za ujazo 7 tu, theluthi ya mawe.

Kimo: kuanzia mita 2 kwenda juu hapa ndipo kwake, na penye gari au nyumba juu ndiyo njia ninayoiamini.

Maji: zege halipitishi, kwa hiyo usipoweka kokoto na matundu umejenga bwawa. Kuna watu wanadhani zege linamaliza habari ya maji, hapana kabisa.

Nafasi na njia: ukuta mwembamba lakini kisigino kinaingia nyuma, kwa kimo cha mita 2 msingi ni mita moja na robo hivi, lazima uchimbe. Kama nyuma kuna msingi wa nyumba ya mtu, kuchimba kwenyewe ndiyo hatari.

Kazi na pesa: ghali, nondo, mbao, poka, injinia. Nondo kuu zinakaa upande wa udongo maana huko ndiko ukuta unavutwa. Nimeona zimefungwa upande wa mbele, ukuta unapendeza, kazi haufanyi. Mwagilia siku 7 angalau, na usijaze udongo wiki ileile kwa sababu mwenye lori ana haraka.

Ikishindwa: ukipigiwa hesabu vizuri haushindwi kirahisi. Ukikisiwa, unavunjika kwenye kiungo cha msingi wote kwa mara moja.

Kuna na njia ya sita ambayo watu hawaiiti ukuta: punguza mteremko, kata ngazi kama mashamba ya Kabale, panda nyasi za vetiva, mizizi yake inashuka wima zaidi ya mita 2. Ukiwa na ardhi ya kutosha kuta mbili fupi zilizoachana vizuri mara nyingi ni bora kuliko mmoja mrefu.

Kubomoa, chochote utakachochagua

Fanya kiangazi, Desemba mpaka Februari au Juni na Julai. Usibomoe wote kwa siku moja na usichimbe mtaro mrefu chini ya ukuta unaosimama. Kipande cha mita moja, ruka, kingine, huku mbao zikiegemeza. Ondoa gari na tanki juu, na chini watoto wasipite. Kabla ya yote nenda kamati ya majengo ya wilaya, au KCCA, mamlaka ya jiji, ukiwa Kampala, uulize kibali, Sheria ya Udhibiti wa Majengo ya 2013 ipo. Na umuite mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, na jirani wakaone mpaka kabla jiwe la kwanza halijashuka, si baada.

Sasa wewe uko wapi?

Ukuta usiozidi mita moja na kitu, haujasogea mvua nzima, matofali yanalia: uponye, anza na gata.

Umepinda, mita moja na kitu, ploti finyu, lori halifiki: matofali mapya yenye nguzo za zege, na kokoto nyuma hata kama zinabebwa kwa ndoo.

Mita 2, ardhi ngumu, machimbo karibu, nafasi ipo: mawe, kama una fundi ambaye kazi yake ya miaka mitano iliyopita unaweza kwenda kuiona.

Maji yanatoka ardhini mwaka mzima, au bondeni kwenye udongo laini: gabioni.

Nyumba, barabara au parking juu, au kimo zaidi ya mita 2: zege lenye mchoro wa injinia, na kama pesa haijatosha mwaka huu basi geuza maji, ondoa gari, egemeza mbao, usilalie chumba kilicho chini ya ukuta huo mpaka itoshe.

Jirani wa juu ndiye anamwaga maji na hataki kusikia: usijenge kitu bado. Piga picha siku ya mvua, nenda naye LC, maana mfereji wake ukibaki vilevile hata zege utakaloweka litapokea maji yake yote.